Timazi

Naweza kuzunguka juu ya kichwa
mara tisa, kumi siku sakafu ikiwa na huruma,
kisha nikaganda kwa kiganja kimoja,
miguu hewani, ndani ya bohari
ambamo zamani walilaza mifuko ya simiti.
Vumbi lake bado hutoka nywelenik
ichana jioni.
Kwa hiyo Sista Akiteng aliposema,
"Simama kwa mguu mmoja, fumba macho,"
nilicheka.

Moja. Mbili. Tatu.
Kifundo kikaanza kutetema kama simu mfukoni.
Nne. Nyonga ikaenda zake upande wa dirisha.
Tano. Nikamkumbatia bila kupenda,
kalamu yake ikanichora shingoni.

"Tano," akaandika.
Yeye hakucheka.
Aliandika tu, kwenye daftari la mistari:
Athieno, miaka ishirini na miwili,
kifundo cha kulia, mara ya tatu tangu Pasaka.

Nilitaka kumwambia kifundo si kitu,
tunakifunga tambara, tunapaka ile dawa ya kijani
inayonukia peremende, muziki unaanza.
Nilitaka kumwambia Oboth alicheza robo fainali kule Mbale
goti limevimba kama papai,
na watu wakamrushia noti za elfu moja moja.
Nikanyamaza. Siku hizi Oboth
huketi kando ya spika akitubadilishia nyimbo,
na ngazi za bohari huzishuka kwa makalio,
moja, moja.

Akaniambia nilale kifudifudi, viwiko sakafuni,
nijiinue, mwili uwe ubao.
Akaniwekea kikombe cha maji kiunoni,
kikombe chake cha chai, kile chenye ua jekundu.
"Mikono unayo," akasema, "miguu unayo.
Hapa katikati ndipo pasipo na mtu nyumbani."
Maji yalinishuka mgongoni kabla hajamaliza.

Nikarudi nikichechemea, nimekasirika.
Baba alikuwa juu ya kiunzi, kwa jirani,
anasimamisha ukuta. Akadondosha timazi,
ile risasi yake kuukuu kwenye uzi wa nailoni,
akangoja, maana timazi haisukumwi:
inayumba, inayumba, inapunguza,
inafikiri,
inatulia.
Ndipo akagonga tofali moja, kidogo, kwa mpini wa mwiko.

"Usipoziba ufa?" nikamchokoza.
Haipendi methali ile. Akasema ufa
ukiuonea ukutani umeshachelewa,
ulianza chini, siku ulipolaza jiwe la kwanza
na uchu wa kumaliza.

Sasa nasugua meno kwa mguu mmoja,
uani, macho nimefumba, povu kidevuni.
Watoto wa mama Nyafwono wananihesabia
wakiruka namba kwa makusudi:
sita, saba, kumi na mbili!
Mwamba wa Tororo uko nyuma yangu. Siuoni,
nauhisi tu mgongoni
kama mtu anayetazama bila kusaidia.
Kifundo kinauliza, nyonga inajibu,
na chini ya kitovu kitu kinakaza,
si sana,
kama uzi uliopata uzito wake.

Jumamosi kuna shindano.
Sista amesema hapana.
Oboth, nilipomuuliza, alipandisha tu besi
akageuza uso.
Mimi sijajua.
Nimefika kumi na tisa.
Mtoto mmoja anasema ishirini,
lakini huyo ni mwongo.